Bolti Moja Chini ya Usukani

Jeki ilipoteleza chini ya lori kule Mtito Andei, kaka yangu alipoteza mkono wa kulia. Madaktari waliukata juu kidogo ya kifundo, na mtu aliyekuwa fundi wa kuitwa kutoka Makindu mpaka Voi akarudi nyumbani Kibwezi kukaa kwenye kiti, akilitazama gari ambalo hangeweza tena kuliendesha.

Lilikuwa gari la mbio, la watu wawili tu, kijani cha chupa, boneti ndefu, na badala ya paa lilikuwa na turubai la kukunja. Viti vilikuwa chini mno. Ukikaa unaona magurudumu ya malori yakipita usawa wa macho yako. Mzungu mmoja aliyekuwa mhandisi katika shamba la mkonge alimwachia kaka siku alipofunga virago kurudi kwao, kwa sababu kaka ndiye peke yake aliyeweza kuliwasha asubuhi za baridi. Majirani walikaita kagari. Baada ya ajali kaka alikafunika kando ya jikoni, na kuku wakaanza kutaga nyuma ya viti.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Mutomo, ng'ambo ya mto Athi, nimefika umri ambao shangazi zangu walikuwa wamechoka kuniuliza nitaolewa lini. Nilikuja Kibwezi likizo ya Agosti ili nimfulie kaka nguo na kumpikia, maana mkewe alikuwa amekwenda kwao kujifungua. Sikuwa mtu wa kutulia. Mama yetu, alipokuwa hai, alikuwa akisema hata nikikaa miguu yangu bado inatembea. Usiku naamka kuona kama mlango umefungwa, narudi kulala, halafu naamka tena kuona kama kweli niliuona umefungwa. Darasani nilihesabu watoto mara tatu. Katika nyumba ile ya kaka, ambapo mtu mzima alikaa kimya tangu uji wa asubuhi mpaka ugali wa jioni, nilikuwa nikifagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Wiki ya pili ya likizo aliniambia amepata mnunuzi wa gari, na kwamba fedha hizo zitanunua mashine ya kusaga unga.

"Nani?" nikauliza.

"Mtu wa Mombasa. Dereva mmoja wa lori alimwambia habari za kagari, akaja kukaona mwezi uliopita. Anakataka, lakini ana masharti mawili."

Sharti la kwanza lilikuwa honi. Honi ya gari lile ilikuwa na wazimu wake: ukikata kona kwenda kulia inanyamaza, ukikata kushoto inalia yenyewe na hainyamazi mpaka unyooshe usukani. Sharti la pili lilikuwa usukani wenyewe, ambao ulicheza mkononi kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Mnunuzi alisema vyote viwili vikirekebishwa, tukutane Mtito Andei Jumamosi ya mwisho ya likizo kabla ya adhuhuri. Hakutaka kulifuata Kibwezi. Alitaka kuliona likifika kwa magurudumu yake.

"Na nani atarekebisha?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaona jibu katika jinsi alivyokuwa akiitazama mikono yangu.

"Vidole vyako ni vyembamba," akasema. "Vitaingia pale ambapo vyangu havikuwahi kuingia hata nilipokuwa navyo vyote."

Nilijua kuendesha. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, kwa pikapu ya shamba la mkonge, mwaka ule nilipokuwa nikingoja nafasi ya chuo cha ualimu, na leseni ninayo. Lakini sikuwa nimewahi kufungua kitu katika gari zaidi ya kifuniko cha maji.

Tulianza Jumatatu. Yeye alikaa kwenye kigoda kando ya mlango, tochi katika mkono wa kushoto, mimi nikalala chali sakafuni mwa gari, miguu ikining'inia nje, nimevaa suruali yake ya zamani ambayo ilimfanya mama mmoja aliyekuwa akipita ageuke mara mbili. Kaka alikuwa mwalimu mkali. Hakusema kitu mara mbili. Kwanza alinifanya nitoe waya wa betri. Kisha nikachomoa kitufe cha honi kilichokuwa katikati ya usukani, na chini yake kukawa na nati kubwa.

"Fungua, lakini usiitoe kabisa. Iache imeshika kidogo kwenye uzi wa chuma."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu usukani ukichomoka ghafla utakuvunja pua."

Kabla ya kuuvuta aliniagiza nikwaruze alama ndogo kwa msumari, nusu kwenye usukani na nusu kwenye shafti, ule mhimili wa chuma unaoushika usukani, ili ukirudi ukae meno kwa meno kama ulivyokuwa. Nikavuta. Haukutoka. Nikavuta tena, nikausukuma kwa magoti kutoka chini kama alivyosema, huku natukana kimoyomoyo maneno ambayo mwalimu hayatamki, na mara ukatoka kwa kishindo ukagonga ile nati. Kaka alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nije.

Ugonjwa wa honi tuliuona siku hiyo hiyo, tulipoifungua shafti kule chini na kuichomoa. Waya wake ulipita ndani ya bomba la usukani, pamoja na shafti, na mpira wake ulikuwa umesuguliwa na kuliwa kwa urefu wa kidole. Kila shafti ilipozunguka kwenda kushoto, shaba ikagusa chuma, na kwa honi ile ni kana kwamba mtu amebonyeza kitufe. Kuweka waya mpya kulichukua siku nzima, kwa maana ulitakiwa kupita kwenye tundu ambalo hata sindano ya magunia ingelalamika. Niliufunga kwenye uzi wa kushonea, nikauvuta uzi kutoka upande wa pili. Hilo nililibuni mwenyewe. Kaka aliisogeza tochi karibu, nikajua amekubali.

Ugonjwa wa usukani ulikuwa mgumu zaidi. Juu ya lile bomba palikuwa na bushi, pete ya kitambaa kizito kilichoshindiliwa, ya kuishika shafti isichezecheze. Ilikuwa imebaki nyuzi tu. Bushi ya namna hiyo haikupatikana Kibwezi, wala Makindu, na kwenda Nairobi kutafuta kitu cha gari ambalo watu wenyewe walikuwa wameacha kulitengeneza ni kupoteza wiki.

Kaka alifikiri mpaka chai ikapoa. Halafu akasema, "Ile kofia ya baba."

Baba yetu alikuwa na kofia moja ya kizungu, ya rangi ya majivu, aliyoivaa kanisani na mazishini tu. Ilikuwa imening'inia kwenye msumari chumbani kwa kaka tangu tumzike. Ilikuwa imetengenezwa kwa kitambaa kile kile kilichoshindiliwa.

"Hapana," nikasema.

"Sasa tufanye nini?"

"Kata blanketi."

"Blanketi ni laini. Litaliwa kwa mwezi mmoja." Akaingia ndani, akatoka nayo. Aliishika kwa mkono wake mmoja, akainusa ndani bila kuona haya. "Bado iko na harufu yake," akasema. Akanipa, mimi nikainusa pia. Jasho na sabuni ya kipande. Tukakaa hapo kama watu waliofiwa jana.

"Baba angesemaje?" nikauliza.

"Angesema kofia haiendi mahali bila kichwa."

Nikakata ukingo wake kwa makasi ya kushonea. Nilikata vizuri, kwa kipimo, nikauviringisha, nikauloweka kwenye oili usiku kucha katika kikombe cha bati. Asubuhi uliingia kwenye bomba kwa shida, kama ulivyotakiwa kuingia. Shafti iliporudi ndani haikucheza hata kidogo. Kaka aliishika, akaitikisa, akaitikisa tena, akaiachia akaenda kusimama nyuma ya jikoni kwa muda mrefu.

Kuirudisha shafti ndiko kulikonitia mashaka ambayo sijawahi kuyasahau. Kule chini, upande wa injini, ncha ya shafti iliingia kwenye mdomo wa gia ya stelingi, na mdomo ule ulibanwa na bolti moja tu. Moja. Ndiyo iliyounganisha mikono ya dereva na magurudumu. Ikikatika au ikitoka, unaweza kuzungusha usukani upendavyo na gari likaenda litakako.

"Ikikataa kupita, usiigonge," kaka alisema. "Maana yake shafti haijafika mwisho. Itoe uanze upya."

Ilikataa mara nne. Mara ya tano ikapita, Ijumaa jioni, jua likiwa bado lipo. Kanisa lilikuwa jirani yetu, ukuta kwa ua, na kwaya ilikuwa imeanza mazoezi ya Jumapili. Tulirudisha usukani na kitufe chake, kisha kule chini nikaweka washa mpya, ile pete bapa ya kukaa chini ya nati, nikaweka nati, nikashika spana na kuanza kukaza, kichwa kikiwa ndani ya boneti. Wakati huo huo kaka, kwa hamu, akarudisha waya wa betri na kubonyeza honi kuijaribu.

Honi ililia vizuri sana. Ilikuwa na sauti mbili kwa pamoja, ya juu na ya chini, kama ng'ombe wawili wanaoitana. Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Mzee wa kanisa akatokea uani kwetu amekunja uso, nami nikaacha spana juu ya injini nikaenda kuomba radhi. Alitaka kujua kwa nini mwalimu wa watoto amevaa suruali. Alitaka pia kujua gari la anasa lina faida gani kwa mtu mlemavu. Nilimjibu kwa adabu, nikamsindikiza mpaka njiani. Niliporudi, kaka alikuwa ameshafunga boneti na amezikusanya spana zote kwenye sanduku.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza," nikasema.

Nilipokuwa nasonga ugali ndipo nikajiuliza: nilimaliza lini? Nilikumbuka kuweka nati. Nilikumbuka spana ikishika. Nilikumbuka kukaza, lakini kama nilikaza mpaka mwisho, au mpaka honi ilipolia, sikukumbuka. Nilijaribu kuurudisha mkono wangu katika lile tendo, ukakataa.

Asubuhi ya Jumamosi nilitaka kufungua boneti. Kaka alikuwa ameshavaa koti na kukaa upande wa abiria, na sanduku la spana hakulitoa.

"Tunaliacha?" nikauliza.

"Mtu anayekwenda kuuza ng'ombe hashiki dawa ya kupe mkononi," akasema. "Twende. Tumechelewa."

"Nataka kuangalia ile bolti ya chini."

"Umeikaza. Nilikuona."

"Uliniona nikimaliza?"

"Mwalimu, washa gari."

Nikaliwasha. Tukaingia barabara kuu ya Mombasa, vilima vya Chyulu mkono wa kulia vimejifunika ukungu, upepo wa Agosti ukitupiga vichwani kwa kuwa turubai lilikuwa limekunjwa nyuma. Mtu mwingine angefurahi. Kagari kalitembea barabarani kama kisu kwenye papai, usukani umetulia kabisa, na utulivu ule ndio ulionitisha. Lori lilipokuja mbele yetu nilishika usukani kwa vidole vyote kumi, nikingoja kuhisi ukilegea. Kila mteremko niliupima kwa macho: hapa likiacha njia litaangukia wapi? Watoto wa Kambu walikimbia kando ya barabara wakitupungia. Nikapunguza mwendo mpaka kaka akauliza kama tunakwenda mazishini. Mara tatu nilisimama, nikasema nataka kunywa maji, nikautikisa usukani kushoto na kulia na kutazama magurudumu yakifuata. Yalifuata. Hilo halikunituliza, kwa sababu bolti iliyolegea hufuata pia, mpaka dakika ile inapoacha.

Mnunuzi alikuwa ameketi nje ya hoteli moja Mtito Andei, kikombe cha kahawa mbele yake, kofia nyeupe kichwani, mtu wa umri wa baba mdogo. Babu yake alitoka pwani akafungua duka Kitui mjini, na yeye alizaliwa huko huko. Alitusalimu kwa Kikamba cha Kitui, kizito kuliko changu, kisha akahamia kwenye Kiswahili cha kwao, kilichotufanya mimi na kaka tuchunge maneno yetu. Alilizunguka gari. Akaingia, akaliendesha mpaka mwisho wa mji na kurudi, akikata kona kushoto kwa makusudi. Honi ilinyamaza. Akabonyeza, ikalia, na madereva wa malori wakacheka na kupiga makofi.

"Mashallah," akasema. "Nani fundi?"

"Huyu dada yangu, mwalimu wa Mutomo," kaka akasema.

Yule mtu akanitazama na kuinamisha kichwa kwa heshima. Karatasi zikatiwa sahihi juu ya meza ya hoteli, bahasha ikaingia ndani ya koti la kaka, mikono ikapeanwa, wa kushoto kwa wa kushoto. Mnunuzi akasema ataswali kwanza, halafu ashike njia, alale Mombasa. Akaliendesha gari mpaka msikitini, hatua chache kutoka pale.

Kaka aliagiza nyama na chapati. Nilitoa mfukoni kitambaa kile nilichokuwa nacho Ijumaa nikaufuta uso, na kitu kidogo kikaanguka mezani kikazunguka na kulala kando ya chumvi. Ilikuwa washa.

Tuliitazama sote wawili.

"Hiyo ni ile ya zamani," kaka akasema haraka.

"Ya zamani si tuliitupa?"

"Ndiyo hiyo."

"Una hakika?"

Akaifunika kwa kiganja. Nikasimama.

"Kaa chini," akasema kwa sauti ya chini. "Ukimwambia, atarudisha gari. Ile mashine ya kusaga imekwisha kuwekwa kando kwa jina langu. Nina mke na mtoto mchanga. Nitakaa kwenye kile kiti mpaka lini?"

"Na akifa njiani?"

"Hafi. Umeikaza."

"Kaka, mkono wako ulikwenda kwa sababu ya mtu aliyesema jeki ameikagua."

Sikuwa nimewahi kumtajia jambo hilo. Hakuna aliyewahi. Uso wake ulifungika kabisa, kama duka. Nikamwacha na nyama yake, nikatoka mbio na viatu vyangu vya Jumapili.

Gari lilikuwa nje ya msikiti, kivulini. Wenye kuswali walikuwa ndani, viatu vimepangwa mlangoni. Nilisimama kando ya boneti. Ningeweza kuifungua, kwa kuwa kifungulio kilikuwa ndani na gari halina paa. Lakini halikuwa langu tena, na hata kama ningeifungua sikuwa na spana. Nikatembea mpaka kwenye ukuta, nikarudi. Nikatembea tena. Wanaume wawili waliokuwa wakiuza vitunguu walinitazama wakadhani nina mume ndani. Jua lilikuwa utosini. Sijui swala ile ilichukua muda gani. Kwangu ilikuwa ndefu kuliko muhula. Nilipogeuka nikamwona kaka amekuja, amesimama upande wa pili wa barabara. Hakuvuka.

Yule mzee akatoka, akainama kuvaa viatu, akaniona.

"Mwalimu? Kuna nini?"

"Mzee, kuna bolti moja kule chini ya stelingi. Sikumbuki kama niliikaza mpaka mwisho. Naomba usiondoke kabla sijaiangalia."

Hakuonyesha hasira. Alinitazama tu, kama anayesoma maandishi madogo. Kisha akamwita dereva wa lori lililoegeshwa karibu, akaazima spana. Akafungua boneti mwenyewe. Nikaingiza mkono, nikaipapasa bolti kwa kidole kwanza. Washa ilikuwepo, mpya, imebanwa. Nikaweka spana nikavuta kwa nguvu zangu zote. Haikusogea hata unywele.

"Imekaza?" akauliza.

"Imekaza."

Nikaegemea gari. Nilitegemea nafuu, na ilikuja, lakini ilikuja na aibu. Yule mzee akafuta mikono taratibu, akatazama ng'ambo ya barabara.

"Kaka yako alijua una shaka?"

Nilinyamaza. Ndipo kaka akavuka. Alikuja mpaka mbele yake na kusema, "Nilijua. Nilimwambia akae chini."

Mzee akatikisa kichwa kwa muda. "Ningekuwa nimefika Voi bila kujua lolote," akasema, si kwetu hasa. Nikafikiri sasa ataomba bahasha. Kaka naye alifikiri hivyo, kwa maana mkono wake ulikuwa umeshaingia ndani ya koti. Lakini mzee alinitupia ufunguo.

"Haya. Kama imekaza, endesha wewe. Mimi nitakaa upande wa abiria."

Tukatoka Mtito kuelekea Voi. Nyika ya Tsavo ilifunguka pande zote mbili, nyekundu na kavu, na barabara mbele yetu imenyooka mpaka inakuwa maji ya uongo. Mzee alikuwa ameishika kofia yake kwa mkono mmoja. "Ongeza," akasema. Nikaongeza. "Ongeza, usiogope." Nikaongeza mpaka upepo ukaninyima pumzi na ule usukani ukawa unanguruma kidogo viganjani, ukiwa hai, ukinisikiliza. Nilijua kila kitu kilichokuwa ndani ya lile bomba. Nilikiweka mimi. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa sikuwa nikifikiria bolti. Nilifikiria bahari, ambayo nilikuwa nimeiona mara moja tu, na chumba changu cha Mutomo chenye kitanda na ndoo, na daftari za kusahihisha.

"Inatosha," mzee akasema. "Geuza."

Niliendelea kana kwamba upepo umeyachukua maneno yake. Alingoja. Hakupaza sauti.

"Mwalimu. Geuza."

Nikageuza. Mpaka leo sijui ningeendelea mpaka wapi kama angenyamaza.

Tuliporudi nilishuka pale hotelini alipokuwa kaka, mzee akachukua nafasi yangu, akasema kwaheri na Mungu awalinde, akaenda. Alipofika mwisho wa mji alipiga honi mara moja. Kaka aliitazama barabara hata baada ya vumbi kulala.

Tulirudi Kibwezi kwa basi. Nilipokuwa napakua chakula jioni ndipo aliposema, bila kuinua macho, "Ulinifanya nionekane muuaji mbele ya watu."

"Sikusema neno juu yako."

"Ndiyo," akasema. "Ulinyamaza, nikalisema mwenyewe."

Kesho yake nilipanda basi la Mutomo peke yangu. Hakunisindikiza stendi. Muhula mzima nilifundisha nikimsikia akisema maneno yale. Niliandika barua mbili nikazichana. Nilitaka kumwomba msamaha kwa lile neno la mkono, lakini kila nilipoandika niligundua kwamba ningelisema tena. Mbuzi wa sokoni walipopita dirishani nilisimama kuwatazama wakati watoto walikuwa wakingoja nisome imla. Wakati wa mapumziko nilikuwa nikitembea kutoka shuleni mpaka karibu na hospitali ya misheni na kurudi bila sababu, mpaka walimu wenzangu wakasema nina mchumba huko.

Barua yake ilifika Novemba. Alikuwa ameiandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zinazoanguka mbele kama wazee wanaopanda mlima. Mashine ya kusaga ilikuwa imesimikwa. Watu walikuwa wakija kutoka mbali, na mtoto alikuwa ameanza kucheka kwa sauti. Kulikuwa na mstari mmoja uliofutwa mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka, na baada yake: "Siku ile nyama sikuila. Njoo shule zikifungwa."

Shule zilifungwa Ijumaa. Mimi nilikuwa nimefunga mizigo tangu Jumanne. Sikumwandikia siku ya kufika, kwa kuwa barua yenyewe ingechelewa kuliko mimi. Lakini niliposhuka stendi ya Kibwezi, nimejaa vumbi mpaka kope, alikuwa amesimama pale kando ya wauza machungwa, koti lake limefungwa vifungo vyote kwenye joto lile.

"Umejuaje ninakuja leo?" nikamwuliza.

"Sikujua," akasema, akachukua begi langu.

Mama mmoja aliyekuwa akipanga machungwa yake akacheka. "Hii ni siku ya tatu," akaniambia. "Tangu juzi kila basi analikimbilia, mpaka tumedhani anangoja mchungaji."

Kaka alijifanya hakusikia. Alikuwa ameshatangulia, begi likimgonga gotini, akiniambia kwa sauti kuu bila kugeuka kwamba mke wake amechinja jogoo, na kwamba nitembee haraka, maana mtoto analala mapema.